Matone Mangapi? Safari ya bangi kutoka chetezoni hadi kaunta ya mfamasia

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wafamasia, wauguzi, matabibu na waganga wa tiba asili. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani tumeziacha.)

Wazee wetu wa tiba asili, ndugu wafamasia, ndugu wauguzi na matabibu, habari za asubuhi.

Nawaomba tuanze na chupa. Chupa ndogo ya kahawia, ya mililita 30, yenye mpira wa kudondoshea juu yake. Mama mmoja anaiweka kwenye kaunta yako. Ametumiwa na shemeji yake aliye ng'ambo. Mwanawe ana kifafa, dawa mbili zimeshindwa kukituliza, na kuna mtu amemwambia mafuta ya bangi yanasaidia. Anakutazama usoni, anakuuliza: "Nimpe matone mangapi?"

Huyu mama hakuuliza kama bangi ni baraka au laana. Ameuliza matone mangapi. Na historia yote ya mmea huu kama dawa, miaka elfu mbili na ushei, imekuwa ikilizunguka swali lake hilohilo. Mmea ulipopata mtu wa kuupima, ulipanda cheo. Kipimo kilipowaponyoka watu, ukaporomoka. Ulipopimika tena, ukarudi. Wanaoupigia debe hawaipendi sana habari hii, na wanaoulaani nao hawaipendi, kwa hiyo nadhani tuko pazuri.

Kwanza jina, maana jina lina safari yake. Bangi ni neno lililokuja kwa jahazi. Kisanskriti wanasema bhanga, Kihindi bhang, na watu wa pwani walilipokea pamoja na mmea katika biashara ya Bahari ya Hindi. Padri Mreno João dos Santos, katika kitabu chake cha mwaka 1609 kuhusu upande huu wa Afrika, anaitaja bangue. Katika pango la Lalibela, Ethiopia, vilifukuliwa vichwa vya viko vya udongo vyenye masalia ya bangi, vya karne ya 14 hivi. Na majuni, ile halua ya kulevya iliyomo kwenye kamusi zetu kongwe, ni neno la Waarabu na Waajemi. Kwa hiyo mtu akituambia mmea huu ni mgeni wa juzi, tumwambie ni mgeni aliyekwisha kula futari na babu zetu.

Sasa, mmea. Sehemu gani ya mmea?

Hapo ndipo watu wengi hujikwaa, na watu wa kale hawakujikwaa. Huko Yanghai, karibu na Turpan, magharibi mwa China, lilifukuliwa kaburi la miaka 2,700 hivi. Marehemu alizikwa na karibu gramu 790 za bangi, na kwa ukame wa mahali pale ilikuwa bado ina rangi ya kijani. Kwenye milima ya Pamir, makaburini Jirzankal, vilipatikana vyetezo vya mbao vya miaka 2,500 hivi, na ndani yake mawe yaliyopashwa moto. Walichofukiza juu ya mawe hayo kilikuwa bangi yenye THC, yaani ile kemikali inayolevya, nyingi kuliko ya kawaida ya porini. Watu wale walijua wachague mmea upi.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa China hiyohiyo. Tabibu Zhang Zhongjing, wa mwaka 200 hivi baada ya Kristo, ana kidonge maarufu chenye mbegu za bangi. Cha nini? Cha kutibu kufunga choo! Mbegu hazilevyi, zina mafuta, zinalainisha tumbo, na hadi leo zimo katika dawa rasmi za Kichina. Kitabu cha dawa cha jadi ya Shennong, baba wa tiba katika hekaya za Kichina, kinasema kuhusu maua yake kwamba anayekula kwa wingi huona mashetani na kukimbia ovyo kama aliyepandwa. Mmea mmoja: mbegu ni ya tumbo, ua ni la kichwa. Mtabibu Mgiriki Dioscorides, karne ya kwanza, aliandika maji ya mbegu zake zikiwa mbichi kwa maumivu ya sikio. Kwa hiyo mtu akisema "bangi inatibu", swali la kwanza ni dogo sana: bangi ipi? Mbegu? Jani? Ua? Utomvu?

Nguvu imo kwenye ua la mmea jike. Lina vinywele vidogo, kila kimoja na kichwa cha utomvu unaonata. Jike likichavushwa na dume, hugeuza jitihada zake kwenye mbegu na utomvu unapungua. Wakulima wa Bengal walilijua jambo hili vizuri kiasi cha kuajiri fundi maalumu, aliyeitwa poddar, wa kupita shambani kung'oa madume kabla hayajamwaga chavua. Madume machache yakimponyoka, shamba zima linashuka thamani.

Kuna kisa kimoja cha Baghdad sitaki tukiruke. Mwandishi Ibn al-Badri, karne ya 15, anasimulia kuhusu mtoto wa afisa mkubwa wa baraza la khalifa aliyekuwa na kifafa. Mshairi mmoja alimpa hashishi, yaani bangi, na kifafa kikaacha. Kisha mwandishi anaongeza jambo ambalo muuza miujiza asingelitaja: kijana hakuweza tena kukaa bila ya dawa hiyo. Wauguzi, hilo si ndilo mnalowaambia wazazi kliniki kila wiki? Kwamba dawa ya kifafa hutuliza, haing'oi mzizi, na ukiiacha ghafla degedege hurudi? Karne sita zilizopita mtu aliliona akaliandika.

Ndugu zangu, twendeni Calcutta, mwaka 1838.

Chuo cha tiba cha mji huo kina mwalimu wa kemia, Mwairlandi wa Limerick, William Brooke O'Shaughnessy. Hajatimiza miaka 30. Miaka michache kabla ya hapo, akiwa Uingereza, aliipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu, akaona imepungukiwa maji na chumvi, akapendekeza warudishiwe kupitia mshipa. Dripu mnayoitundika wodini ina mkono wake. Mtu wa namna hiyo, apimaye kwanza na kusema baadaye, ndiye aliyekutana na bangi.

Alianza kwa kuuliza wenyeji. Alikaa na matabibu wa Kiislamu na wanazuoni wa Kihindu, akasomewa vitabu vya Kiajemi na Kisanskriti, akaandika kila aina na matumizi yake. Ganja ni vichwa vya maua vilivyokaushwa na utomvu wake. Sidhi, au bhang, ni majani. Charasi ni utomvu mtupu: vibarua walivaa nguo za ngozi, wakakimbia katikati ya mimea, utomvu ukawaganda, kisha ukakwanguliwa. Majuni ni ile halua, ya samli, sukari na maziwa. Aliandika hata kinywaji cha mtaani: tola tatu za sidhi (tola ileile ya masonara wetu), zioshwe kwa maji baridi, zisagwe, zitiwe pilipili manga, mbegu za tango na za tikiti, sukari, nusu painti ya maziwa na maji kiasi hichohicho. Hicho ni cha mzoefu. Asiyezoea, nusu yake. Mnaona? Hata muuza kinywaji wa barabarani alikuwa na dozi mbili!

Kisha akawapa wanyama: mbwa, paka, samaki, tai, mbuzi, kondoo, ng'ombe. Wala nyama walilewa. Wala majani walitikisika kidogo tu. Alipoona hakuna aliyekufa, ndipo akaingia wodini.

Novemba 1838 walikuwapo wagonjwa watatu wa baridi yabisi. Saa nane mchana kila mmoja akapewa greni moja ya utomvu iliyoyeyushwa. Greni moja ni miligramu 65 hivi. Saa kumi mmoja alikuwa ameanza kupayuka, anaimba, anadai chakula cha ziada, anatangaza amepona kabisa. Wenzake wawili, kimya. Saa kumi na mbili jioni yule mwimbaji anasinzia. Saa mbili usiku O'Shaughnessy anaitwa mbio: mgonjwa hajitambui. Anapumua sawasawa, mapigo ni ya kawaida, lakini ukiuinua mkono wake unabaki palepale hewani ulipouachia. Ukimkalisha, anabaki umbo ulilomkalishia, kama sanamu ya nta. Wa pili naye akaja kuwa hivyohivyo. Na wa tatu? Wa tatu hakuguswa hata kidogo. Alipohojiwa, ikaonekana alikuwa mvutaji wa ganja wa siku nyingi.

Dozi moja, saa moja, wodi moja, watu watatu. Wawili sanamu, mmoja hana habari! Kabla ya alfajiri wote walikuwa wameamka salama. O'Shaughnessy akafanya ambalo daktari makini angelifanya: kwa wagonjwa waliofuata akashusha hadi nusu greni.

Mapishi yake ya dawa aliyaandika ili wengine wayarudie. Vichwa vya ganja vichemshwe katika spiriti hadi utomvu wote uyeyuke. Spiriti ivukizwe kwenye chombo kilichokaa juu ya maji yanayochemka, si juu ya moto wenyewe. Kinachobaki ni dondoo. Greni tatu za dondoo ziyeyushwe katika drakma moja ya spiriti, yaani kama mililita tatu na nusu. Kwa pepopunda, drakma moja kila nusu saa hadi mikazo ikome. Kwa kipindupindu, matone kumi. Kwa mara ya kwanza tabibu wa London aliweza kusoma kilichofanyika Calcutta na kujua matone mangapi.

Na alikuwa mkweli kuhusu mipaka yake. Hakimu mmoja, yaani tabibu wa jadi, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, aliletwa akiwa hawezi hata kuona maji. Akapewa greni mbili za utomvu kila saa. Baada ya dozi ya tatu alichangamka, akaweza kunyonya kipande cha chungwa, akameza wali ulioloweshwa. Siku chache baadaye akafa. O'Shaughnessy hakudai kumponya. Alisema amemtoa kwenye mateso, na kwamba hilo nalo ni kazi ya tabibu. (Baadaye mtu huyuhuyu ndiye aliyeitandazia India nyaya za telegrafu, yaani simu za maandishi, na cheo cha Sir alikipata mwaka 1856, wakati wa kazi hiyo ya nyaya. Bangi haikumpa nishani.)

Aliporudi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1840 alibeba mzigo wa mmea huo. Peter Squire, mfamasia wa Oxford Street, London, akatengeneza dondoo lililokuja kuuzwa kwa jina lake. Mwaka 1851 bangi imo kwenye kitabu rasmi cha dawa cha Marekani. Ikawa dawa ya kipandauso, ya maumivu ya neva, ya hedhi, ya kukosa usingizi, ya pepopunda. John Russell Reynolds, daktari wa jumba la malkia, aliandika mwaka 1890, baada ya miaka 30 ya kuitumia, kwamba bangi iliyo safi na ikitolewa kwa uangalifu ni miongoni mwa dawa zenye thamani kubwa kabisa walizonazo. Mtaani mnaambiwa alimpa Malkia Victoria kwa maumivu ya hedhi. Hakuna karatasi inayothibitisha hilo, tuliacheni.

Sasa niwaulize. Dawa iliyosifiwa namna hiyo mwaka 1890, ilikuwaje mwaka 1942 ikaondolewa kwenye kitabu kilekile cha Marekani? Wengi watajibu haraka: sheria! Sheria ilikuwapo, tutaifikia. Lakini kabla ya polisi kufika, wafamasia wenyewe walikuwa wamekwisha kuitupa rafuni. Kwa nini?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa tembo lilijitia maji lenyewe. Chupa moja ilikuwa kali, ya pili kama chai ya jana. Reynolds mwenyewe aliwaonya wenzake waanze na kiasi kidogo mno, wapande polepole, na wasibadilishe chanzo cha dawa katikati ya tiba. Daktari aliyempa mgonjwa wake matone kumi ya chupa iliyochoka, akaona kimya, akaandika ishirini, kisha mgonjwa akanunua chupa mpya kwa mfamasia mwingine: mnajua kilichotokea. Mgonjwa anaona kuta zinatembea, moyo unamdunda, na familia inamwita daktari mwuaji.

Sababu ni za kemia, na kila mwenye duka la dawa azijue. Ya kwanza, THC haikai. Hewa, mwanga na joto huigeuza pole kwa pole kuwa kanabinoli, ambayo ni dhaifu sana. Ile bangi ya kaburini Yanghai ilipopimwa, kilichojaa ndani yake kilikuwa kanabinoli. Mzigo uliopanda meli Bombay ukaivuka Suez ndani ya joto, ukakaa ghalani London, ulikuwa unazeeka kila siku. Ya pili, mmea mbichi hauna THC nyingi. Una asidi yake, na joto ndilo linaloibadilisha. Aliyechemsha muda mfupi na aliyechemsha muda mrefu hawakupata dawa moja hata kama walitoa majani gunia moja. Ya tatu, ni mafuta, haichanganyiki na maji. Bomba la sindano lilipoenea katika nusu ya pili ya karne ya 19, mofini iliyeyuka ikaingia sindano, maumivu yakakoma kwa dakika. Bangi haikuweza. Ikabaki ya kumeza, na ya kumeza huchukua nusu saa hadi saa mbili kuonekana. Hapo ndipo mtu huona kimya, akaongeza, na dozi mbili zikampanda kwa pamoja.

Ya nne ndiyo mzizi: hakuna aliyejua kilichomo. Mofini ilitenganishwa kutoka afyuni mwanzoni kabisa mwa karne ya 19, kwinini kutoka gome la mkwinini mwaka 1820. Kemikali inayofanya kazi ndani ya bangi ilibaki imejificha kwenye utomvu. Wanakemia wa Cambridge walijitahidi miaka ya 1890, wakakamata kanabinoli, yaani walikamata maiti yake. Bila kujua kilichomo, unaipimaje? Wamarekani waliipima kwa mbwa. Nasema kweli, mbwa! Mbwa alilishwa dondoo, na mfamasia akasimama pembeni na saa, akingoja mnyama aanze kupepesuka. Akipepesuka, chupa inapita. Kisha zikaja aspirini mwaka 1899 na vidonge vya usingizi vya babituriti miaka michache baadaye, kila kidonge na miligramu zake. Ungekuwa wewe ungeagiza nini dukani?

Sheria nayo. Mwaka 1893 serikali ya Uingereza ilishinikizwa na wabunge wake ichunguze bangi India. Tume ikazunguka nchi nzima, ikahoji mashahidi 1,193, ikatoa juzuu saba. Kubwa lililosemwa ni kwamba bangi inajaza hospitali za vichaa. Tume ikafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: ikaenda kwenye majalada. Kwa mwaka 1892 ilikuta wagonjwa 222 ambao ugonjwa wao uliandikwa kuwa umetokana na bangi. Ikafuatilia mmoja mmoja, hadi kijijini kwake. Waliobaki ni 98. Wengine wale waliingiaje? Fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza "chanzo cha ugonjwa". Askari aliyemleta mgonjwa hakujua chanzo. Lakini fomu iliyoandikwa "haijulikani" ingerudishwa na maswali, basi akaandika "ganja", na karani wa hospitali akanakili, na mwisho wa mwaka takwimu ikapelekwa London.

Jamani, nani humu ndani hajawahi kuona fomu ya namna hiyo?

Tume ikasema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa, ya kupindukia yanadhuru, na kupiga marufuku si njia. Haikusema bangi haina hatia. Wale 98 walikuwapo, na leo tunajua zaidi kwamba THC nyingi, hasa kwa kijana, huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili.

Yaliyofuata nitayapita mbio. Geneva, 1925: mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, aliomba hashishi iingizwe kwenye mkataba wa afyuni, ikaingizwa. Washington, 1937: sheria ya kodi ikaweka dola 100 kwa kila aunsi atakayopewa mtu asiyesajiliwa. William Woodward, daktari na mwanasheria wa chama cha madaktari wa Marekani, aliwaambia wabunge kwamba madaktari hawakujua kama neno la mtaani "marihuana" lilihusu ile kanabisi, yaani bangi ya dawa, iliyo kabatini mwao, na kwamba muswada uliandaliwa kimyakimya miaka miwili. Hakusikilizwa. 1961, mkataba wa Umoja wa Mataifa ukaiweka bangi kwenye jedwali la zile hatari kabisa zisizo na faida ya maana kitabibu. Tarehe 2 Desemba 2020 ikatolewa jedwali hilo kwa kura 27 dhidi ya 25. Ilibaki kwenye jedwali la kwanza, la udhibiti mkali, kwa hiyo anayewaambia Umoja wa Mataifa "umeihalalisha" anawauzia maneno.

Turudi kwenye kipimo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanakemia kijana wa Taasisi ya Weizmann, Rehovot, Raphael Mechoulam, mzaliwa wa Bulgaria, aliona jambo la ajabu: mofini inajulikana, kokeini inajulikana, bangi bado. Akaomba polisi wa Israeli wampe hashishi iliyokamatwa. Akapewa kilo tano za Lebanoni. Akazitia kwenye begi, akapanda basi la abiria kurudi maabara, na abiria wakaanza kuulizana harufu ile inatoka wapi. Baadaye ikabainika yeye na polisi wote walivunja sheria, maana ruhusa ilipaswa kutoka wizara ya afya. Mwaka 1963 yeye na mwenzake Shvo walitoa umbo la kanabidioli, CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya. Mwaka 1964, yeye na Yechiel Gaoni, walitoa THC safi na umbo lake. Mkewe alioka keki, marafiki kumi wakala: watano wakiwa na miligramu 10 za THC ndani ya vipande vyao, watano bila. Wale watano wote waliathirika, na kila mmoja kivyake: mmoja alicheka tu, mwingine alizungumza bila kukoma, mwingine akashikwa na hofu.

Mnakumbuka wale watatu wa Calcutta? Safari hii dozi ilijulikana hadi miligramu, na watu bado walitofautiana. Kwa hiyo tofauti nyingine zilikuwa za chupa, na nyingine ni za mwili. Mwaka 1988 mahali inaposhika THC kwenye ubongo pakapatikana, na 1992 ikapatikana kemikali ya mwili wenyewe inayoshika hapo. Wakaiita anandamaidi, kutoka ananda, furaha kwa Kisanskriti. Neno limerudi lilikotoka.

Na kifafa? Mwaka 1980, kundi la watafiti wa Brazili pamoja na Mechoulam walichukua wagonjwa 15 ambao dawa hazikuwatosha. Wanane walipata CBD, miligramu 200 hadi 300 kwa siku, saba dawa bandia. Kati ya wale wanane, wanne walikaribia kutopata degedege kabisa. Mngetarajia dunia isimame. Haikusimama. Ilichukua hadi Juni 2018 dawa ya CBD safi, Epidiolex, kuidhinishwa Marekani kwa aina mbili ngumu za kifafa cha watoto, Dravet na Lennox-Gastaut. Aina mbili wakati huo, ndugu zangu. Haikuidhinishwa kwa kila anayeanguka.

Sasa tuihesabu pamoja. Dawa hiyo ina miligramu 100 kwa kila mililita. Mtoto wa kilo 20 huanza na miligramu 2.5 kwa kilo, mara mbili kwa siku. Hiyo ni miligramu 50, nusu mililita asubuhi, nusu mililita jioni. Baada ya wiki moja hupanda hadi miligramu 5 kwa kilo, mililita moja asubuhi, moja jioni. Damu hupimwa ini kabla ya kuanza na wakati wa tiba, hasa mtoto akiwa anatumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, maana zote mbili pamoja hupandisha vimeng'enya vya ini. Akiwa anatumia klobazamu, nayo dawa ya kifafa, CBD huzuia ini kulivunja zao lake, usingizi unakuwa mzito, na daktari hulazimika kupunguza klobazamu. Na chakula: ikinywewa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, inayoingia damuni huongezeka karibu mara nne. Leo kwa uji mtupu, kesho kwa wali wa nazi, ni dozi mbili tofauti kutoka kijiko kilekile. Mwambieni mzazi achague namna moja, aishike.

Na ile chupa ya mama? Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni, wakazipima. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo ni 26. Nyingine zilikuwa na pungufu, nyingine na zaidi, na 18 zilikuwa na THC ambayo mtoto wa kifafa hakuiomba. Basi hata ungejua hesabu yote niliyoieleza, hujui unahesabu nini.

Barani kwetu mambo yanakwenda. Lesotho ilitoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, Malawi ikapitisha sheria yake 2020, Rwanda ikatoa kanuni 2021 za kulima kwa ajili ya dawa na kuuza nje. Tanzania na Kenya, kuimiliki bado ni kosa, na ile chupa ikikutwa na THC ndani yake, mama ndiye atakayeulizwa, si shemeji.

Kwa hiyo akija, msimfukuze wala msimhubirie. Akifukuzwa atampa mtoto gizani, na hamtajua. Muulizeni: ameshampa? Lini, kiasi gani, kwa chakula au bila? Anatumia dawa gani nyingine? Na je, amezipunguza zile za hospitali? Hilo la mwisho ndilo linaloua, dawa ya kifafa ikikatwa ghafla degedege huja mfululizo. Andikeni kadini, mpigieni daktari wake siku hiyohiyo, mwombeni kipimo cha ini. Na wauguzi, nje ya kifafa: kijana mvutaji wa kila siku anayetapika asubuhi kila baada ya wiki chache, malaria hana, vidonda vya tumbo hana, na anasema anapata nafuu akioga maji ya moto, muulizeni kuhusu bangi kabla hamjamrudisha tena kupigwa picha ya tumbo.

Nimemaliza saa yangu na dakika kadhaa za chai yenu. Tuanze maswali na mzee wetu pale nyuma, ameinua mkono tangu tulipokuwa Calcutta.